Njia Iliyokula Jioni Zangu

Kalenga, Jumapili alasiri

Mwanangu Yustina,

Barua huanza kwa kuuliza hali ya mtu. Hali yako naijua, maana nakusikia hapo uani ukicheka na mama yako huku mkigombana na kamba za sanduku. Na yangu unaijua: nimekaa kwenye kiti changu cha kushonea, mlango wazi nipate mwanga, na nimewaambia wote humu ndani kwamba nakata suruali ya mtu. Uongo mtupu. Nakuandikia wewe, na nataka nimalize kabla jua halijazama.

Sitakuandikia habari za sweta, wala maji ya kuchemsha, wala namna ya kukaa na wenzako. Hayo mama yako anakuambia tangu Jumatatu, na akimaliza anaanza upya. Mimi nina jambo moja tu, nalo limenielemea. Kuna kitu nilikuamulia bila kukuuliza, na leo nakirudisha mikononi mwako.

Ile barua ya hospitali ya Mbeya, iliyosema umepokelewa kujifunza uuguzi, ilikuwa na karatasi ya pili. Hukuiona, niliificha. Ilisema kitanda chako kipo bwenini, ndani ya uwanja wa hospitali, hatua chache tu kutoka wodini. Mimi nikajibu kwamba binti yangu ana shangazi yake Mbalizi, hawezi kulala bwenini kama mtu asiye na ndugu. Nikabandika stempu, nikaipeleka posta mwenyewe, nikarudi kazini kifua mbele. Shangazi yako Magdalena naye akafurahi sana, akaleta salamu kwamba chumba kimekwisha pakwa chokaa.

Sasa sikiliza. Kutoka kwa shangazi yako hadi hospitali ni mwendo wa saa mbili na nusu kwa miguu. Naujua, maana niliutembea mwaka ule nilipokwenda kumpongeza kwa uzazi hapo hospitalini. Unatoka ukungu bado umelala barabarani, huoni hata vidole vyako, na baridi ya Mbeya haina utani. Jioni unarudi njia ile ile. Wakati naandika barua ya kukataa kitanda, mwendo huo haukunijia akilini hata kidogo. Mimi! Kama kuna mtu Iringa nzima ambaye hakupaswa kusahau jambo kama hilo, ni mimi.

Nilianza kumshonea Bwana Kanji kabla hujazaliwa. Siku ya kwanza kabisa, pale barazani pa duka lake la vitambaa, alinionyesha cherehani, akanionyesha mkasi, kisha akasema, "Fundi, chumba iko Kihesa. Fundi ya zamani alikaa huko. Asubuhi unatembea kidogo tu, umefika."

Nikamwambia, "Mimi nina nyumba Kalenga, Bwana."

"Kalenga mbali sana, fundi."

"Miguu ni yangu."

Akacheka mpaka miwani ikashuka puani. "Haya, bas. Miguu yako, shauri yako."

Nilikuwa na kiburi, mwanangu, na kiburi changu kilikuwa na sababu ambazo wakati ule niliziona nzuri. Nilikuwa na nyumba niliyoijenga, ng'ombe wawili, shamba la mahindi, na baba yangu mzazi yu hai. Mtu mwenye vitu hivyo akapange chumba Kihesa kama mpita njia? Wangesema nini? Na nilikuwa na wazo lingine, la kijinga zaidi, ambalo sikumwambia mtu. Nilidhani kwamba kwa kuwa njia hainitozi nauli, basi ni ya bure.

Basi nikawa mtu wa njiani. Saa kumi za alfajiri nikitoka, saa moja niko barazani. Saa kumi za jioni nikiinuka kwenye cherehani, saa moja niko mlangoni kwangu, giza linaingia nami. Nikila nikiwa nusu nimelala. Mama yako ananisimulia mambo ya mchana, mimi najibu "eee, eee", na kesho yake hakuna nilichokumbuka. Jumapili nayo ilikuwa ni kanisa, paa linalovuja, msiba wa jirani, na usingizi. Usingizi ndio uliochukua sehemu kubwa.

Unakumbuka ligombo la babu yako, ule ubao wa nyuzi uliokuwa ukining'inia juu ya kitanda chake. Watu walikuwa wakitoka ng'ambo ya Ruaha kuja kumsikiliza akilipiga. Tangu nikiwa kijana nilitaka anifundishe, naye alitaka kunifundisha. Nilipoanza kazi ya mjini alikuwa akinisubiri jioni, ameegemea ukuta wa nyumba, nikipita ananiambia, "Njoo leo kidogo tu, nikuonyeshe vidole vinakaa wapi." Nami nasema, "Jumapili, baba." Jumapili ikifika nimelala kama gogo. Hakukasirika hata mara moja. Alikuwa akisema tu, "Haya, Jumapili zipo."

Alifariki siku ya Jumatano asubuhi, mimi nikiwa napanda kilima cha kuingilia mjini. Habari ilinikuta barazani, sindano imeshika kola ya shati la mtu. Nikageuka, nikazitembea tena saa zile tatu kurudi nyumbani. Sijawahi kuichukia njia kama siku ile. Nyuzi za ligombo zilikuwa bado zimekazwa, maana alikuwa amelipiga jana yake. Na mimi sikujua hata wimbo mmoja.

Hivyo ndivyo nilivyodhani. Kumbe nyimbo nilikuwa nazo, ila sikujua zimeingiaje. Hapo ndipo unapoingia wewe.

Ulikuwa na miaka minne. Mama yako anasema ulimuuliza baba anaishi wapi. Akakujibu, baba anaishi hapa hapa, ila hurudi umelala na kuondoka umelala. Ukasema, "Basi nitamfuata." Jioni hiyo natokeza kwenye kichuguu kile cha mwisho wa mahindi yetu, nakuta kitu kidogo kimesimama kimeshika pindo la mgolole wa babu yako, lile shuka lake jeupe la begani. Babu akasema, "Amenileta mimi, sikumleta." Ukanishika kidole, tukatembea hatua zile chache mpaka nyumbani, nawe ukanisimulia habari ya kuku mpaka tukafika. Nilikuwa nimechoka, lakini habari ile ya kuku naikumbuka mpaka leo, na jinsi ulivyoigiza anavyokwaruza.

Mwaka uliofuata kichuguu hakikukutosha. Ukawa unanisubiri kwenye zizi la kina Mgata. Halafu ukasogea mpaka kijitoni, penye yale mawe ya kuvukia, nusu saa kutoka nyumbani. Hakuna aliyekutuma. Mama yako alikukataza, nami nilikukataza siku nilipopata nguvu za kukataza. Ukaniambia, "Baba, nikikusubiri nyumbani nakupata kidogo. Nikija huku nakupata kirefu."

Nilisimama pale juu ya jiwe la kuvukia, maji yakipita chini, nikakutazama. Mimi ni fundi, kazi yangu ni kupima. Nimepima wanaume wanene na wembamba, nimepima mapazia na majoho ya mapadre. Lakini wewe ulikuwa umepima kitu ambacho kilikuwa mikononi mwangu miaka yote na sikukiona. Uliona kwamba baba yako hana jioni, ana njia tu, basi ukaifuata jioni yako huko huko njiani.

Na kila jioni ulikuja na kitu. Babu yako alikuwa amekosa mwanafunzi, akakuchukua wewe, mchana mimi nikiwa sipo. Kutoka kijitoni mpaka nyumbani ulikuwa ukiniimbia alichokuimbia siku hiyo. "Leo ni ule wa ng'ombe aliyepotea, baba. Leo ni ule wa mvuno. Usiimbe haraka, babu anasema huo unatembea polepole." Nami nikaitikia, nikipumua kwa shida pale kwenye mwinuko. Miezi mingi baada ya kumzika, nikiwa nashona kaptula za shule, Bwana Kanji akatoa kichwa dirishani: "Fundi, wimbo nzuri. Nani fundisha wewe?" Nikaacha kukanyaga cherehani. Ulikuwa wimbo wa baba yangu, wote, mwanzo hadi mwisho. Ulikuwa umeupokea kwake ukanivushia kijito ukanipa, nami sikujua kwamba napewa.

Tena kuna siku ile ya ubao wako wa kuandikia. Ulikuwa darasa la nne. Ulikuja kijitoni na ubao kwapani, umekunja uso. Ukasema, "Baba, mwalimu ametufundisha kuzidisha saa. Saa tatu kwenda, saa tatu kurudi. Siku sita kwa wiki." Ukanionyesha. Kila mwaka, ukihesabu mchana na usiku bila kulala, nilikuwa natembea siku sabini na nane. "Baba, wewe kila mwaka unatembea miezi miwili na nusu. Unakwenda wapi?"

Nilicheka, nikakupongeza kwa hesabu. Usiku sikulala. Miezi miwili na nusu! Mtu akiniambia mtu fulani amefungwa miezi miwili na nusu kila mwaka ningemsikitikia. Na mimi nilijifunga mwenyewe, nikajisifu kwamba miguu ni yangu.

Ndipo nikatia nia ya kununua baiskeli. Niliipata mwaka uliofuata ule ambao fuvu la Mtwa, chifu wetu aliyepigana na Wajerumani, lilirudi hapa Kalenga. Unaikumbuka ilivyong'aa, na jinsi mama yako alivyoifunika kwa kanga usiku isishikwe na baridi. Nilisema sasa basi, njia nimeiweza. Saa moja na robo kwenda, saa moja na robo kurudi, zinazobaki ni zangu na wanangu.

Nilisahau ninaishi wapi. Mtu wa Uhehe hampiti mzee akiwa juu ya baiskeli. Anashuka, anailaza chini, anainama, anasema kamwene, anangoja kuulizwa habari za nyumbani, za mke, za watoto, za ng'ombe, na yeye anauliza vilevile, ndipo anaruhusiwa kuondoka. Mtu wa miguu husalimia huku akipunguza mwendo, wazee wakamwelewa kwamba yuko safarini. Lakini mtu wa baiskeli wanajua ana haraka iliyozidi, basi wao hawana haraka kabisa. Na njia ile ya miguu ina wazee kila kona! Siku ya kwanza nilishuka mara nyingi hata nikaona heri niikokote tu. Mzee Mgata ndiye aliyekuwa mkubwa wao. Alikuwa na desturi ya kuota jua la jioni pale juu ya kijito, na akishaniuliza habari za ng'ombe wangu wote huanza kuuliza za ng'ombe wa Bwana Kanji, ambaye hana ng'ombe.

Bado haikuwa mbaya. Ulikuwa ukinikuta kijitoni, nakupandisha kwenye keria, tunakwenda tukiimba. Kisha Bwana Kanji akaiona baiskeli. Akaizunguka, akaigonga kengele mara mbili, akafurahi kwa ajili yangu kweli kweli, na papo hapo akasema, "Sasa vizuri, fundi. Sasa wewe nafika upesi. Jioni ongeza saa moja, funga duka na mimi." Nami nikasema ndiyo. Sikufikiri hata kidogo. Saa niliyoipata kwa jasho la miaka niliitoa barazani kabla haijakaa mfukoni. Simlaumu, yeye aliomba tu, mimi ndiye niliyetoa.

Baada ya hapo nilikuwa nachelewa kama zamani, na wazee wananingoja kama kawaida. Nikafanya jambo ambalo sikumwambia mtu yeyote, wala mama yako, kwa sababu lilikuwa la aibu. Niliamua kupita barabara ya magari. Ni ndefu zaidi, inazunguka, lakini imenyooka na haina mzee hata mmoja. Mtu mzima, baba wa watoto, nikakwepa salamu za wazee wangu ili niwahi nyumbani. Na kwa kuwa nilikuwa naficha, hata wewe sikukuambia.

Siku ya kwanza ya barabara hiyo nilifika nyumbani mwanga bado upo. Nimeingia uani napiga kengele kama bwana harusi. Mama yako akatoka na ungo mkononi, akatazama keria, akatazama nyuma yangu.

"Yustina yuko wapi?"

"Si yuko ndani?"

"Ndani wapi? Si amekwenda kukupokea!"

Juu ya milima kule mvua ilikuwa imenyesha tangu saa tisa, wingu zima limekalia upande ule. Niliitupa baiskeli chini, nikakimbia. Saa zote nilizotembea maishani ni nyepesi kuliko ile nusu saa. Nilikuwa nasikia kijito kabla sijakiona, kinanguruma, mimi najiambia ni upepo. Nilipofika, mawe ya kuvukia hayakuwepo. Maji mekundu yamejaa mpaka kwenye majani, yanabeba matawi. Niliita jina lako, sauti yangu mwenyewe sikuisikia.

Ndipo nikaona kitu cheupe ng'ambo, pale juu. Mgolole. Ndani ya mgolole mzee Mgata, na ndani ya mzee Mgata wewe, kichwa tu kimetokeza. Ulikuwa umevuka mapema maji yakiwa madogo, ukaona nimechelewa, ukaendelea mbele mpaka kwenye jiwe kubwa kunitafuta. Uliporudi maji yalikuwa yamekwisha jaa, nawe ulikuwa umeanza kutia mguu. Yule mzee ninayemkwepa ndiye aliyekuwepo, akakushika mkono.

Nilipiga magoti palepale matopeni. Na yeye, huko ng'ambo, akainua mkono, akapaza sauti juu ya ngurumo yote ile:

"Kamwene!"

Nikajibu, "Kamwene, mzee!"

"Habari za nyumbani?"

Nililia na kucheka pamoja, Yustina. Alinisalimia salamu yote, hakuruka hata neno. Habari za mke. Habari za watoto. Nikasema watoto wazima, mmoja unaye wewe hapo. Habari za ng'ombe. Nikampa habari za ng'ombe wote wawili kwa kupiga kelele. Kisha akauliza lile nililoliogopa.

"Leo umepita wapi? Tumekungoja hapa, mimi na mjukuu wangu!"

Ningeweza kudanganya. Maji yalikuwa mengi, angeweza kusikia lolote. Lakini ulikuwa unanitazama. Nikasema, "Nimepita barabara ya magari, mzee!"

"Sisikii!"

"Barabara ya magari! Nilikuwa nawakwepa!"

Nilimwona akitikisa kichwa polepole, kisha akasema kitu ambacho kelele ya maji karibu inipokonye. "Sisi tunasalimia ili tujue umefika mpaka hapa, mnyalukolo, ndugu yangu. Wewe ulifikiri tunataka habari za ng'ombe?"

Nilikaa upande wangu, nanyi upande wenu, mpaka maji yakashuka na nyota zikatoka. Mlikuwa mkiimba, wewe na mzee, ili nijue bado mpo. Alijua nyimbo za baba yangu zote. Nilisikia wimbo wa ng'ombe aliyepotea ukivuka maji yale gizani, nikajiona mdogo mno, mdogo kuliko wewe.

Kesho yake nilirudi njia ya miguu, nikashuka kwa kila mzee. Bwana Kanji nikamwambia ile saa naichukua tena. Akanuna siku tatu, ya nne akaniletea chai. Nawe ukaendelea kuja kijitoni mpaka ulipokwenda shule ya bweni.

Sasa ngoja nifike ninakokwenda. Tangu nipeleke ile barua ya kukataa kitanda nilikuwa na amani. Lakini Jumanne ya wiki iliyopita, narudi kazini, nilifika kijitoni nikasimama. Nilijikuta nimesimama tu, nimeshika baiskeli, natazama mawe. Hakuna mtu. Mzee Mgata tulimzika mwaka jana, wewe ulikuwa nyumbani unajaribu gauni la safari. Nikawaza, huyu mtoto atatoka Mbalizi na ukungu, atarudi Mbalizi na giza, na huko njiani nani atakuja kumpokea? Hapo ndipo hesabu yako ya ubao ilinirudia yote. Nilikuwa nakurithisha kiburi changu, na nilikuwa nimekipaka chokaa.

Usiku ule ule nilimwandikia Sista mkuu wa hospitali kuomba radhi na kuuliza kama kitanda bado kipo. Jibu lilifika Ijumaa. Kipo. Karatasi zote mbili nimezikunja humu ndani ya barua hii. Pamoja nazo kuna bahasha iliyofungwa, ni ya shangazi yako. Nimemweleza kila kitu, nimemwambia kosa ni la kaka yake na si la binti. Atalia, atasema amedharauliwa, na atakuwa na haki. Ukichagua kitanda, nenda kwake kila Jumapili unayoipata, ukale, ukachote maji, ukamsikilize. Ukichagua chumba chake, sitasema neno, maana wewe ndiye unayejua miguu yako. Lakini kama unauliza ninachokiomba, naomba kitanda.

Najua utakachonijibu, maana una ulimi wa babu yako. Utasema, "Lakini baba, si njia ndiyo iliyotupa nyimbo?" Nimelifikiri hilo wiki nzima, mkasi mkononi. Njia haikutupa kitu, mwanangu. Njia ilichukua, na ingechukua vyote. Ni mtoto wa miaka minne aliyeamka akaenda kuninyakua kutoka kwa njia hiyo, jioni baada ya jioni, hatua kwa hatua. Sijui ulilitoa wapi jambo hilo. Mimi sikukufundisha, na mama yako anasema naye hakukufundisha. Nimeishi na wewe miaka yote hii na bado nakutazama kama nilivyokutazama siku ile kwenye kichuguu, nisielewe umetoka wapi.

Kwa hiyo uwe na jioni. Hilo ndilo ninalotaka kukupa, na kwa kuwa jioni haifungwi sandukuni, nimefunga ligombo. Liko ndani ya blanketi la kijivu, usilikalie ndani ya basi. Nyuzi nimezibadilisha. Watu watakuambia ligombo ni la wanaume. Wape tabasamu, endelea. Ukitoka wodini, ukishakula, jua likiwa bado juu ya mlima Loleza, keti ukajaribu vidole. Hata ukipiga vibaya. Hata usipopiga, ukakaa tu na wenzako mkacheka. Mtu akikuomba saa hiyo, hata akiwa mtu mwema, fikiri kwanza kabla ya kusema ndiyo.

Kesho basi linaondoka mjini saa tano. Bwana Kanji nimemwambia siji kazini, akauliza kama kuna msiba, nikasema hapana, kuna safari. Tutatoka saa kumi za alfajiri kama nilivyotoka miaka yote. Baiskeli itabeba sanduku, sisi tutatembea, na tutapita njia ya miguu. Wazee wote wa huko wameshajua, watakuwa wametoka kukuaga, basi tutachelewa kila mlango na wala sitaona uchungu. Kijitoni tutapumzika kidogo. Uniimbie ule unaotembea polepole.

Ukipata likizo, niandikie siku ya basi lako. Nitakuja kukupokea. Mara ya kwanza nitakuwa kituoni Iringa, kama baba wa watu. Mara ya pili, basi likisimama Tanangozi, kabla ya kufika mjini, tazama dirishani. Na kama siku moja utashuka Ifunda, mbali zaidi ya hapo, kunyoosha miguu, ukaniona nimesimama pale na baiskeli yangu, vumbi mpaka magotini, usiniulize nimefuata nini mbali hivyo. Nitakuwa nimekuja kukupata kirefu.

Baba yako